Rubisi Haivuki Mto

Barabara ya lami itokayo Bukoba kwenda Mutukula, mpakani na Uganda, huuvuka Mto Kagera pale Kyaka. Daraja hilo lina historia yake: majeshi ya Idi Amin yalilivunja Novemba 1978, baada ya kuivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto, na wazee wa hapa bado huyapanga maisha yao kwa kusema kabla ya vita na baada ya vita. Siku hizi malori ya miwa na ya mizigo ya Uganda hupita juu yake usiku na mchana. Chini, maji ya rangi ya udongo yanakimbilia Ziwa Viktoria. Yametoka mbali. Ruvubu huyaleta kutoka Burundi, Nyabarongo kutoka Rwanda, na karibu na maporomoko ya Rusumo yanakuwa mto mmoja. Kutoka hapo mto hupanda kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, hugeuka mashariki, hupita wilaya ya Missenyi, kisha huingia ziwani upande wa Uganda, karibu na kijiji cha wavuvi cha Kasensero.

Karibu kila chakula cha bonde hili kimepata namna ya kutunzwa. Kambale hupasuliwa mgongoni na kubanikwa juu ya moshi mpaka ngozi iwe ngumu. Kamongo hukatwa vipande na kukaushwa. Dagaa wa ziwani huanikwa juani. Senene, ambao hushuka kwa makundi wakati wa mvua na kuwafanya watu wazima wakimbie nyuma ya taa pamoja na watoto, hukaangwa, hukaushwa, na kufungwa kwenye mifuko inayofika hadi Dar es Salaam mikononi mwa abiria. Kinywaji kikubwa cha watu wa hapa ndicho kilichokataa kutunzwa. Rubisi, pombe ya ndizi, ikikamuliwa leo hunywewa kesho. Kesho kutwa huwa kali, na siku zinazofuata inageuka siki.

Familia ninayotaka kuieleza inaishi upande wa kusini wa mto, pale nyasi za rweya, yaani uwanda wazi, zinapokoma na vibanja kuanza. Kibanja cha Mhaya ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, kahawa ikiwa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na makaburi ya waliotangulia humo humo. Nyumba hii inatengeneza vinywaji viwili. Baba na wanawe wa kiume wanakamua rubisi, kama alivyofanya babu yao. Binti, aliyesoma mambo ya usindikaji wa vyakula mjini na kurudi, anatengeneza mvinyo wa ndizi katika chumba cha matofali kilichojengwa nyuma ya jiko. Mikungu ni ile ile, na mara nyingine hata juisi ni ya asubuhi moja. Lakini kinywaji kimoja kinaishi siku mbili na kingine kinaishi miaka, na ni tofauti hiyo ya umri iliyonifanya niende kuwaona.

Kazi huanza kwa shimo. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Huwezi kuzila mbichi wala kuzipika, kwa sababu zina ukakasi unaoukaza ulimi, na huo ukakasi ndio unaozitenga na ndizi za kupika na zile za kuchoma ziitwazo nkonjwa. Shimo hupashwa moto kwa kuwashia majani makavu ndani yake, hutandikwa majani mabichi ya mgomba, kisha mikungu hupangwa na kufunikwa kwa majani na udongo. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huiivisha ndizi ya jirani. Ndani ya shimo haina pa kutokea. Baada ya siku nne, tano au sita, kwa kutegemea baridi, mikungu yote inafukuliwa ikiwa ya manjano kwa pamoja. Baba, mzee wa nyumba hii, huonja moja kutoka kila kona ya shimo kabla ya kuruhusu kazi iendelee. Ndizi moja iliyobaki na ukakasi haiharibu kitu, lakini chane kumi zinaweza kuiharibu pombe ya watu mia.

"Viatu acha hapo, mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "na miguu uioshe mpaka magotini."

Mtumbwi wa kukamulia umechongwa kutoka gogo moja, mpana katikati na mwembamba ncha zote mbili, sawasawa na ile inayofungwa kwenye matete ya mto. Unawekwa kwenye mteremko kidogo ili juisi itafute upande mmoja. Ndizi zilizomenywa humwagwa ndani, na juu yake nyasi ndefu kavu zilizokatwa rweya. Kisha vijana wawili huingia, hushikilia mti uliofungwa juu ya vichwa vyao, na kuanza kukanyaga.

Mwanzoni ni kama hakuna kinachotokea. Ndizi inakuwa bonge, inanata kwenye vidole vya miguu, inapanda hadi kwenye kifundo. Mtu asiyejua angedhani kazi imeharibika. Hapa nyasi ndizo zenye kazi. Ukiponda ndizi peke yake unapata uji mzito, kwa sababu nyama yake hushikilia maji yake na haiyaachii hata ukiikamua kwa nguvu. Nyasi zinaikatakata nyama hiyo na kuacha njia ndogo ndogo ambazo juisi inapita. Aina ya ndizi nayo ina sehemu yake: ndizi ya kupika, hata ikiiva vizuri na kukanyagwa na nyasi mpaka jioni, haitoi juisi kama hii. Waliochagua aina hizi vizazi vingi vilivyopita walikuwa wanatafuta ndizi inayoachia maji yake, na waliipata kwa kujaribu na kukumbuka. Mimi nauhesabu huo kuwa ugunduzi wa kitaalamu sawa na mwingine wowote ulioandikwa vitabuni.

Ghafla sauti inabadilika. Badala ya mnato wa bonge, unasikia maji. Juisi inatokea katikati ya vidole, ya rangi ya dhahabu iliyofifia, na ndani ya dakika chache miguu ya vijana imezama. Mzee alichota kwa kibuyu, akachuja kupitia fundo la nyasi safi, akanipa. Ni tamu kuliko soda yoyote, ila ina ukavu kidogo mwishoni unaofanya utake kumeza tena. Watoto wa nyumba walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao. Juisi ya siku ya kukanyaga ni haki yao, na hakuna mtu anayewafukuza.

Kisha huja maji na mtama. Maji hupunguza utamu na kuongeza wingi, na kiasi chake ni siri ya kila nyumba. Mtama hukaangwa hadi unukie, husagwa, na kumwagwa juu. Una kazi kadhaa kwa wakati mmoja: unaipa chachu chakula ambacho juisi ya ndizi haina cha kutosha, unaleta rangi na povu, na unaongeza uchungu mdogo unaousawazisha utamu. Hamira ya dukani haitumiki. Chachu imo kwenye maganda, kwenye mtama, na zaidi katika nyufa za mtumbwi wenyewe, ambao husuuzwa kwa maji lakini hausuguliwi kwa sabuni. Mtumbwi mpya hutoa pombe isiyoeleweka kwa miezi mingi mpaka ukomae.

Kinywaji hufunikwa kwa majani ya mgomba na magunia, kisha huachwa. Hadi usiku wa manane unasikia kinachemka bila moto. Chachu inakula sukari na kutoa pombe na hewa ya kaboni, na joto lake linapita kwenye majani mpaka ukiweka kiganja unalihisi. Baada ya takriban saa 24 rubisi iko tayari, ikiwa na nguvu ya bia ya kawaida au pungufu kidogo.

Zamani kibuyu cha kwanza kilipelekwa kwa mukama, mtawala wa Wahaya, na kingine kilimwagwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo mbele ya kibanda chao. Mukama hayupo tena, na nyumba hii ni ya Kikristo. Hata hivyo mzee alitenga kibuyu kimoja kabla hajamuuzia mtu yeyote, akakituma kwa jirani yake mkongwe asiyeweza tena kutembea. Hakueleza, nami sikuuliza.

Rubisi ina ndugu pande zote za bonde hili. Rwanda wana urwagwa, Burundi urwarwa, Waganda tonto, na ukienda Kivu, upande wa Kongo, utakuta kasiksi. Mipaka iliyochorwa na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji iliigawa nchi ya migomba, lakini kinywaji kiliendelea kutengenezwa kwa njia karibu moja: ndizi zilizoiviswa, nyasi, miguu au mikono, mtama, usiku mmoja. Na kila mahali kina udhaifu uleule. Pombe yake ni kidogo, chachu hai imejaa ndani, na hewa inaingia kila kibuyu kinapochotwa. Bakteria wanaogeuza pombe kuwa siki wanahitaji hewa, na hapa wanaipata bila kizuizi. Ukiifunga kwenye chupa kabla haijatulia, chupa inapasuka. Ukiiacha wazi, inachacha. Kwa hiyo rubisi huuzwa pale inapotengenezwa, kwa watu wanaoweza kufika kwa miguu au baiskeli kabla haijageuka. Haivuki mto.

Jambo hili linaonekana hasara kwa mfanyabiashara, na kwa hesabu za fedha ni hasara kweli. Lakini nimeona linachofanya. Mkamuaji hawezi kulimbikiza, kwa hiyo hakamui mpaka ajue nani atakunywa. Hawezi kuwauzia watu wa mbali kitu kibovu, kwa sababu hana watu wa mbali. Kila anayeonja anamjua, anajua mtumbwi wake, anajua kama jana alichota maji kwenye chemchemi au kwenye dimbwi. Jioni ya siku ya pili uwanja wa nyumba ulijaa: wakulima, mwalimu mstaafu, vijana wa bodaboda, wakata miwa, na wavuvi waliopanda kutoka mtoni wakiwa na samaki wa kubadilishana na rubisi. Mzee aliwapokea wote kwa namna moja, "Karibu, waitu," na kuwaonyesha benchi.

Wavuvi walileta kambale, perege wachache, na ningu mmoja aliyebanikwa. Ningu ndiye aliyezungumzwa. Wataalamu humwita Labeo victorianus, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili na mito yake. Anaishi ziwani na kwenye sehemu za chini za mito, na mvua kubwa zinapojaza Kagera, hupanda mto kwa makundi kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Wazee wa zamani walijua siku zake. Waliweka migono na nyua za matete kwenye vijito, wakachukua waliowahitaji, na wengine wakapita. Ana miiba mingi, na ladha inayowafanya watu waivumilie miiba hiyo. Akibanikwa vizuri hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo yeye alivuka mto na kufika mbali.

Nyavu za makila zilifika ziwani mapema katika karne ya 20. Zilikuwa nzuri na nyepesi, na wavuvi waligundua haraka kwamba mahali bora pa kuzitega ni kwenye milango ya mito wakati wa mvua, pale ningu wote wanapopita pamoja. Waliokamatwa walikuwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wa ningu, uliokuwa mkubwa katika mito ya ziwa lote, ulikuwa umeporomoka. Sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka hiyo hiyo alikuja kuwamaliza samaki wengine wengi, hasa furu, lakini ningu alikuwa ameshapungua kabla yake. Kagera ni moja ya mito michache ambamo bado anapatikana, na mvuvi anayempata humpeleka nyumbani au kwa mtu anayemheshimu. Wavuvi wa siku ile walimpa mzee. Aligawa vipande vidogo kwa kila mtu aliyekaa, nami nikapata changu, chenye mafuta na harufu ya moshi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini watu wa hapa humtaja kwa sauti ya masikitiko.

Mto huu umepita katika mambo mazito zaidi ya hayo. Mwaka 1994 ulileta miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, maelfu yao, hadi ziwani. Wavuvi wa Kasensero na vijiji vingine waliitoa majini na kuizika, na leo kuna makaburi ya kumbukumbu pale. Watu waliacha kula samaki. Mvuvi mmoja, ambaye wakati huo alikuwa kijana, alisema kwamba kwa miezi mingi hakutia chombo majini, na hata aliporudi, mkewe hakumpikia samaki kwa muda mrefu. Aliyasema hayo akitazama kibuyu chake, na wenzake walimwachia nafasi mpaka alipomaliza, kisha wakaanza kuzungumzia mvua.

Chumba cha mvinyo ni dunia nyingine, ingawa kiko hatua chache kutoka kwenye mtumbwi. Sakafu ni ya saruji laini, dirisha lina wavu wa kuzuia inzi wadogo wa matunda, na mtu haingii bila kuvaa koti jeupe na kufunika nywele. Binti wa nyumba ni mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Kwa desturi ya Wahaya, kukamua rubisi ni kazi ya wanaume, na mwanamke hakanyagi ndani ya mtumbwi. Mvinyo haukukuta desturi yoyote hapa, kwa hiyo hakuna aliyemzuia.

Anachukua juisi ya baba yake kabla ya maji na mtama kuingia. Anaichuja kupitia kitambaa mara kadhaa, anaipasha moto ili kuua vijidudu, anaipoza, na kuipima kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Hesabu yake ni ya wazi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita, chachu ikizila zote, zinatoa asilimia 1 ya pombe. Juisi yenye gramu 200 katika lita inaweza basi kufika karibu asilimia 12. Ikipungua, anaongeza sukari ya mezani, ambayo katika wilaya hii yenye mashamba ya miwa haitoki mbali. Kisha anatia chachu ya kununua, iliyochaguliwa kwa kazi hiyo tu, na kulifunga pipa. Kwenye kifuniko kuna mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji: hewa ya kaboni inatoka kwa viputo, na hewa ya nje haiingii.

Hapo ndipo siri ya umri ilipo. Baada ya wiki mbili au tatu viputo vinakoma. Mashapo yanazama, mvinyo unahamishiwa pipa jingine taratibu ili mashapo yabaki, na baada ya majuma kadhaa unahamishwa tena. Unapotiwa chupani sukari imekwisha au imedhibitiwa, chachu imeondoka, hewa haipo, na pombe iliyomo inatosha kuwazuia bakteria wengi. Kinachobaki ni kinywaji cha rangi ya majani makavu ya mgomba, chenye harufu ya ndizi kwa mbali. Alinipa wa mwaka uliopita na wa miezi michache. Ule wa zamani ulikuwa mtulivu zaidi, na ukakasi wa ndizi ulikuwa umebadilika kuwa kitu kinachofanana na chai nyeusi. Kwa maoni yangu ni mvinyo mzuri, unaostahili meza moja na ule wa zabibu za Dodoma.

Lakini chupa inataka mengi. Mnunuzi wa Mwanza au Dar es Salaam hamjui mzee, hajaona mtumbwi, hajui chemchemi. Imani ambayo jirani anaipata kwa macho, yeye lazima aipate kwa karatasi. Kwa hiyo kuna alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kuna stempu ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, TRA, iliyoanza mwaka huo huo kwa mvinyo na pombe kali. Kuna lebo, vifuniko, chupa za kusafirishwa kutoka mbali, na vipimo vya maabara. SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kusaidia viwanda vidogo, lilimpa mafunzo ya mwanzo, na yeye analitaja kwa shukrani. Gharama zilizobaki ni za familia. Aliniambia kuwa chupa na kifuniko humgharimu kuliko kilichomo ndani.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi chumba na uwanja vilivyofundishana. Hatari kubwa ya rubisi iko kwenye maji yanayoongezwa. Juisi inatoka kwenye tunda safi, lakini maji mabichi ya mto au ya dimbwi yanaweza kubeba kila ugonjwa, na usiku mmoja wa kuchachuka hautoshi kuyasafisha. Kipindupindu kinapoingia mahali, mara nyingi vilabu vya pombe za kienyeji ni vya kwanza kufungwa. Binti alimwomba baba yake achemshe maji. Mzee alikataa muda mrefu, akisema rubisi ya maji yaliyochemshwa ni butu. Akajaribu mtumbwi mmoja, akawapa wanywaji wake bila kuwaambia, na hakuna aliyelalamika. Tangu hapo maji ya nyumba hii huchemshwa siku moja kabla. Naye amemfundisha binti jambo ambalo kipimo cha kioo hakilijui: kutambua kwa ulimi ni ndizi za sehemu gani ya kibanja zilizoivishwa kabla ya kukomaa, na kuzitenga.

Nina hoja hapa, na sitaificha. Tumejifunza kuiheshimu pombe iliyo kwenye chupa na kuiita ya kienyeji ile isiyo na chupa, kana kwamba chupa ndiyo inayotoa usafi. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa inakataza kinywaji kilichofungwa vizuri na kusambazwa kila kona ya nchi, ambacho kilikuwa kimewaharibu vijana wengi. Rubisi haijafanya hivyo. Mlevi wa rubisi yupo, kila kijiji kinamjua, lakini kinywaji chenye nguvu ya bia, kinachouzwa uwanjani mbele ya majirani na wakwe, kina walinzi wengi. Mkamuaji wa rubisi anastahili mafunzo ya maji, benchi safi, choo na ushauri wa afisa afya, kama vile mtengeneza mvinyo anavyostahili mkopo. Badala yake wengi hukutana na serikali siku ya ushuru na siku ya kufungiwa tu.

Tishio kubwa kwa rubisi na mvinyo linatoka kwingine. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria, uligunduliwa mkoani Kagera baada ya kuingia Uganda miaka michache kabla. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na ukikata shina unaona utomvu wa manjano. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na makali ya panga huubeba vilevile. Kayinja, mgomba wa pombe unaopendwa kwa sababu unavumilia ardhi duni, ndio unaoshambuliwa kirahisi zaidi, kwa sababu maua yake yakidondoka huacha makovu mabichi ambayo wadudu huyafuata. Dawa haipo. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku wanafundisha kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, kusafisha panga kwa moto au kwa jiki, na kung'oa shina lililougua mapema.

Mzee alinionyesha pembe ya kibanja ambayo sasa ina mihogo. Ilikuwa ya kayinja yote. Aling'oa shina moja baada ya jingine kwa misimu miwili, kisha akaiacha ardhi ipumzike. Vijiti vya panda vimesimamishwa kila baada ya safu chache, na mjukuu wake mwenye umri wa kwenda shule ya msingi anajua kuvitumia kuliko mimi. Katika migomba iliyobaki hakuna panga linaloingia bila kupitishwa kwenye moto.

Kabla sijaondoka walikuja wazee wawili wa ukoo wa jirani kwa ajili ya harusi. Walikaa, wakasalimiana kwa muda mrefu kama inavyopaswa, wakapewa rubisi, kisha wakaeleza. Walitaka mvinyo kwa meza ya maharusi na wageni wa mjini. Binti alikwenda ndani kuhesabu chupa na kurudi na jibu mara moja, kwa sababu mvinyo ulikuwa tayari tangu mwaka jana. Suala la rubisi lilichukua mchana mzima. Rubisi ya kupeleka kwa wakwe lazima iwe imeiva siku ileile, na ukwe haupokei iliyochacha. Sherehe ni Jumamosi, kwa hiyo mtumbwi ukanyagwe Ijumaa asubuhi, maji yachemshwe Alhamisi, shimo lifunikwe Jumapili ya kabla, au Jumamosi kama baridi itaendelea. Mikungu ya kibanja hiki haitoshi tena tangu kayinja ing'olewe, hivyo walitaja majina ya majirani wawili wenye ndizi zilizokomaa, wakabishana kuhusu ukakasi wa za mmoja, wakakubaliana juu ya mwingine, na kijana akatumwa kwa baiskeli kwenda kuziangalia kabla jua halijazama.